NATI ZA TAIRI: "KAZA KABISA FUNDI" SIYO KIPIMO



Wiki hii naacha siasa na mpira kando, naongelea kitu kidogo ambacho kila siku kinabeba roho za watu barabarani na hakuna anayekijadili: nati za tairi. Nitaeleza inavyotakiwa kukazwa, kwa nguvu kiasi gani, na kwa nini ile kauli ya "kaza kabisa fundi" ni hatari karibu sawa na kuacha nati ikining'inia. Makala ni ndefu kidogo. Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya dumu la maji na ile ya hatua kwa hatua, uzichapishe. Zingine utarudi kuzisoma.

Nawaandikia hasa vijana: wewe unayejifunza ufundi chini ya mwembe, wewe kondakta, wewe dereva wa bodaboda, na wewe ambaye gari la mzee likipata pancha ndo unaitwa kwa sababu eti "kijana una nguvu". Nguvu unayo, sikatai. Tatizo ni kwamba nguvu bila kipimo haijui ikomee wapi.

TOKI NI NINI?

Mafundi wengi mjini wanaita toki. Ni nguvu ya kuzungusha, na hesabu yake ni rahisi: nguvu unayosukuma au kuvuta, mara urefu wa mkono wa spana. Basi. Spana ikiwa ndefu mara mbili, kwa nguvu ileile unapata toki mara mbili. Ndiyo maana fundi akishindwa kufungua nati anachomeka paipu kwenye spana.

Kipimo chake ni nyutoni mita, kinaandikwa Nm. Kilo moja ikining'inia inavuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 9.8. Kwa hiyo ukining'iniza kilo 10 kwenye spana ya urefu wa mita moja iliyolala sawasawa, unapata Nm 98. Vitabu vya zamani vya Kijapani vinatumia kilo kwa mita, na kilo-mita 1 ni Nm 9.8. Spana za Kimarekani zinatumia futi na ratili, ambapo futi-ratili 1 ni Nm 1.36. Ukijua hizo mbili hakuna kitabu kitakachokubabaisha.

Sasa piga hesabu hii na mimi. Jamaa ana kilo 70, anapanda juu ya wili spana yenye urefu wa sentimita 35. Kilo 70 mara 9.8 mara 0.35 ni Nm 240. Akichomeka paipu ya mita moja na kusimama mwisho wake, anafika karibu Nm 690. Hapo hajaruka bado! Akiruka inazidi. Toyota Corolla inataka Nm 103. Umeona tofauti?

NATI INASHIKAJE GURUDUMU?

Hapa ndo watu wengi wanapotea, hata mafundi wa miaka mingi. Ukiuliza kijiweni nini kinazuia gurudumu lisitoke, jibu ni "zile bolti". Gari limekalia bolti, bolti zinabeba uzito. Siyo hivyo.

Kinachobeba ni msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu. Nati inaigandamiza rimu kwenye habu kwa nguvu kubwa mpaka nyuso mbili haziwezi kuteleza. Kazi ya bolti ni kuvuta tu. Na bolti inavutaje? Inafanya kazi kama springi. Unapokaza nati, bolti inarefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, halafu inataka kurudi urefu wake wa awali. Huko kutaka kurudi ndiko kunakobana.

Ukishaelewa kwamba bolti ni springi, mengine yote yanakuja yenyewe:

1. Ukikaza kidogo, springi haijavutwa. Rimu inaanza kuteleza kidogo kwenye habu kila tairi linapozunguka. Huko kuteleza kunailegeza nati zaidi, na nati ikilegea rimu inateleza zaidi. Matundu ya rimu yanatanuka, bolti zinapinda kushoto kulia kama waya unaoukunja mpaka ukatike. Zinakatika. Gurudumu linaondoka.

2. Ukikaza kupita kiasi, springi inavutwa mpaka inapoteza uspringi wake. Inarefuka na hairudi tena. Kwa macho nati imekaa vizuri, lakini ndani bolti imechoka na thredi (ile mistari inayojizungusha kwenye bolti) imeumia. Inaweza kukatika leo hapohapo gereji, na hapo una bahati. Inaweza pia kukatika mwezi ujao ukiwa mwendo kasi na familia ndani.

Kwa hiyo mwisho wa njia zote mbili ni mmoja: tairi linatangulia mbele ya gari. Kukaza sana hakumwongezei mtu usalama. Unatoka hatari moja unaingia nyingine.

TOKI NYINGI INALIWA NA MSUGUANO

Hii inashangaza watu. Ukikaza nati kwa Nm 100, ni kama asilimia 10 tu ya juhudi yako inayoenda kuivuta bolti. Karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, pale inapokaa kwenye rimu, na karibu asilimia 40 inaliwa kwenye thredi.

Maana yake ni nini mtaani? Ukipaka oili au grisi kwenye thredi, msuguano unapungua, na toki ileile inaivuta bolti zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji. Umekaza Nm 103, bolti imevutwa kama umekaza zaidi ya hapo. Kinyume chake, thredi ikiwa na kutu na mchanga, msuguano unakula karibu kila kitu. Nati inagoma, wewe unadhani imekaza, kumbe haijabana chochote.

Kwa hiyo kwa magari madogo kanuni ni hii: thredi safi na kavu, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine. Chukua brashi ya waya, safisha bolti, futa kwa kitambaa. Dakika mbili tu.

NAMBA ZENYEWE

Hizi ni za mfano ili upate picha. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, siyo mimi.

- Toyota ndogo nyingi zenye bolti za milimita 12, kama Corolla, Vitz na RAV4: Nm 103
- Honda Fit: Nm 108
- Land Cruiser 200 yenye rimu za alumini: Nm 131
- Land Cruiser 200 hiyohiyo yenye rimu za chuma: Nm 209
- Malori yenye bolti za milimita 22: mara nyingi karibu Nm 600, inategemea aina

Angalia hiyo Land Cruiser vizuri. Gari moja, bolti zilezile, lakini ukibadilisha rimu toki inabadilika. Kwa hiyo yule anayesema "mi najua kwa mkono tu" ajiulize mkono wake unajuaje kama rimu ni ya chuma au ya alumini.

DUMU LA MAJI

Sasa najua swali lenu. "Kaka, spana ya toki tutaipata wapi? Gereji yetu ina spana tano na nyundo." Sawa. Tutumie kitu ambacho kila mtu amekibeba.

Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, na dumu lenyewe ni kama kilo 1. Jumla 21. Kilo 21 mara 9.8 mara nusu mita ni Nm 103. Ndiyo, ileile ya Corolla! Yaani ukivuta spana ya sentimita 50 kwa nguvu ileile unayonyanyulia dumu moja la maji kwa mkono mmoja, umefika. Hakuna kupanda juu ya spana wala paipu.

Kwa spana za urefu mwingine, kwa Nm 103:

- Spana ya sentimita 25: kilo 42, yaani madumu mawili
- Spana ya sentimita 35: kilo 30, yaani dumu moja na nusu hivi
- Spana ya sentimita 50: kilo 21, dumu moja
- Spana ya mita 1: kilo 10 na nusu, dumu la lita 10

Pima kuanzia katikati ya nati mpaka pale mkono wako unaposhika, siyo urefu wa chuma chote.

Usijaribu kulining'iniza dumu lenyewe kwenye spana. Nati za gari dogo ziko chini, dumu litagusa ardhi kabla halijavuta chochote. Dumu ni la kuufundisha mkono. Ukitaka kipimo kizuri zaidi, azima mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano wanayotumia wanunuzi wa mazao. Fanya hivi:

1. Gari liwe chini, handibreki juu, jiwe nyuma ya tairi.
2. Simama ukiitazama tairi. Weka spana kwenye nati, mkono wake uelekee kushoto kwako, ulale sawasawa na ardhi.
3. Funga kamba kwenye spana sentimita 50 kutoka katikati ya nati. Ning'iniza ndoano ya mizani kwenye kamba. Kama spana ni fupi, ongeza paipu lakini kamba ibaki kwenye sentimita 50.
4. Mwenzako ashike kichwa cha spana kisichomoke kwenye nati. Asisukume, ashike tu.
5. Vuta mizani kwenda juu taratibu, bila kushtua, kamba iwe imenyooka na kutengeneza kona mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 21, acha.

Kwa Honda Fit ya Nm 108 kamba ihamie sentimita 52 na nusu, kwa Land Cruiser ya Nm 131 ihamie kama sentimita 64, kilo zibaki 21 zilezile. Njia hii haiishindi spana ya toki, lakini inaishinda mbali ile ya kupanda na kuruka.

Onyo moja: kama nati tayari imekazwa kupita kiasi, mizani itafika kilo 21 na nati haitacheza. Hapo hujui kitu. Ilegeze kwanza, halafu anza upya.

HATUA KWA HATUA, KUFUNGA TAIRI

1. Kabla ya kuweka gurudumu, sugua uso wa habu na uso wa nyuma wa rimu. Kutu, matope na tabaka nene la rangi vinabanwa na nati leo, kesho vinasagika, unabaki uwazi. Nati haijazunguka hata kidogo lakini mbano umepotea.

2. Kagua nati na bolti. Zungusha nati kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama njiani usilazimishe kwa spana. Thredi imeumia au nati siyo yake.

3. Weka rimu, funga nati zote kwa vidole.

4. Gari likiwa bado kwenye jeki, kaza kidogo kwa kuruka. Nati tano: kaza ya kwanza, ruka moja kaza ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Ukitazama utaona umechora nyota. Nati nne au sita: ukitoka moja nenda inayotazamana nayo. Ukizunguka kwa kufuatana, rimu inakaa upande.

5. Shusha jeki tairi liguse chini, lisizunguke. Kaza tena kwa mpangilio uleule mpaka nusu ya kipimo, halafu mzunguko wa mwisho mpaka kipimo kamili.

6. Baada ya kilomita 50 mpaka 100, pima tena. Nyuso mpya zinakaa, rangi inasagika, mbano unapungua. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ni ya bure!

SPANA YA TOKI IKIPATIKANA

Mafundi watatu wakichanga wanaweza kununua moja. Ile ya kawaida unazungusha kishikio mpaka namba unayotaka, unakaza, ikifika inalia "ta!" na unahisi inaachia kidogo mkononi. Sheria zake:

- Ikilia mara moja, acha. Wapo wanaovuta mpaka ilie mara tatu "kwa uhakika". Kila mlio wa ziada unaongeza mkazo.
- Vuta taratibu. Usishtue.
- Shika katikati ya kishikio, usiichomekee paipu.
- Usifungulie nati kwa spana ya toki. Hiyo ni kama kuvunjia kokoto kwa mizani ya dukani.
- Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa, springi yake ndani ipumzike.
- Ihakikiwe usahihi wake kila mwaka au kila baada ya kutumika mara 5,000, kipi kitangulie.

MASHINE YA UPEPO

Gereji za pancha mjini nyingi zina ile mashine inayolia trrrrr. Inafungua vizuri mno, hapo haina mpinzani. Shida ni kufungia. Kijana anaibonyeza mpaka atosheke na mlio, na hakuna anayejua imefika ngapi. Matokeo yake bolti zinavutika, diski ya breki inabanwa vibaya mpaka inapinda na ukikanyaga breki usukani unatetemeka.

Na kuna hili ambalo watu hawalifikirii. Umepata pancha saa tatu usiku, Mikumi, kule kwenye vibao vya tembo. Unatoa wili spana ya gari, nati haitoki. Imefungwa na mashine, wewe una mkono. Dada anayesafiri na mtoto atafanya nini hapo? Nati iliyokazwa kwa kipimo inafunguka kwa mtu wa kawaida na spana ya kawaida.

Mwambie kijana wa pancha kwa adabu: "Mdogo wangu, fungua kwa mashine, funga kwa mkono." Nimewaona vijiweni wakicheka, halafu wanafunga kwa mkono. Mteja ni wewe.

NATI SIYO YAKE

Nati zina makalio tofauti. Kuna yenye koni, kuna ya mviringo kama mpira, kuna bapa yenye washa. Rimu nyingi za chuma za Toyota zinataka koni. Rimu za alumini za Toyota mara nyingi zinataka ile ndefu yenye washa bapa. Honda kiwandani zinatumia za mviringo. Sasa gari limekuja na rimu za chuma, mwenyewe kanunua za alumini mtumba akatumia nati zilezile. Nati inagusa mstari mwembamba tu badala ya uso mzima. Utaikaza kwa toki sahihi kabisa, na bado italegea.

Toki sahihi kwenye kifaa kisicho sahihi haikusaidii kitu. Ushahidi wa dunia nzima ni huu: tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways namba 5390 ilitoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa juu, kioo cha mbele cha rubani kiling'oka na rubani Tim Lancaster akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu wakamshikilia miguu mpaka msaidizi wake Alastair Atchison alipotua Southampton. Alipona! Wachunguzi walikuta kwamba kati ya bolti 90 za kioo kilichotoka kufungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Tofauti haifiki hata milimita moja. Na aliyefunga alitumia bisibisi yenye kipimo cha toki. Kipimo alikuwa nacho, bolti ndo hazikuwa zenyewe.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Juni 2022 Toyota yenyewe iliyaita magari 2,700 ya umeme aina ya bZ4X kwa sababu bolti za gurudumu zingeweza kulegea mpaka gurudumu litoke. Kampuni kubwa kiasi hicho! Kwa hiyo fundi asione aibu kupima mara mbili.

MALORI NA MABASI

Malori mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani yana thredi za kawaida upande wa kulia, na upande wa kushoto thredi za kinyume. Yaani kushoto unafungua kwa kuelekea kule unakozoea kufungia. Mara nyingi bolti imechorwa herufi L au R. Utingo asiyejua anapanda paipu akidhani anafungua, kumbe anaikata bolti. Soma herufi kwanza.

Malori hayohayo nyuma yana nati mbili kwa kila bolti, ya ndani inashika tairi la ndani na ya nje inashika la nje. Ukitaka kukaza ya ndani ni lazima kwanza ulegeze ya nje. Anayekaza ya nje peke yake hajui hali ya tairi la ndani.

Vile vimshale vya plastiki vya njano unavyoviona kwenye nati za malori na mabasi siyo mapambo. Vinapangwa vikitazamana viwiliviwili au kwa mpangilio mmoja. Nati ikizunguka, mshale unaharibu mpangilio, unaona hata ukiwa umesimama mbali. Kama gari lako halina, chora mstari wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye rimu. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Kumbuka tu kwamba mshale unaonyesha nati iliyozunguka. Haukuambii kama ilikazwa kwa kipimo.

VITU VIDOGO NDO VINAUMIA HARAKA

Toki siyo ya magurudumu tu. Bolti ya kawaida ya milimita 6 yenye alama 8.8 kichwani inataka karibu Nm 10. Ya milimita 8 kama Nm 24, ya milimita 10 kama Nm 48. Lakini hizo ni za chuma ndani ya chuma. Injini ya bodaboda yako ni alumini. Bolti ya kumwagia oili ukiikaza kama nati ya lori, thredi ya alumini inang'oka yote na kifuniko cha injini kinaanza kudai pesa. Kwa alumini fuata kitabu cha pikipiki, na tumia spana fupi ili mkono wako usipate nafasi ya kukosea.

Hata wawindaji wa kitalii wanaokuja kwetu na bunduki zenye darubini wana kanuni hiyohiyo. Skrubu za ringi zinazoshika darubini mara nyingi zinataka Nm 2 tu hivi, yaani kilo 2 kwenye mkono wa sentimita 10. Ukilegeza, darubini inasogea kila risasi ikitoka na shabaha inapotea. Ukikaza sana, bomba la darubini linabonyea na vioo vya ndani havirekebishiki. Mtu anayemwendea nyati hataki kugundua hilo akiwa hatua 40.

WEWE ABIRIA

Tairi likitoka halichagui. Linaweza kumpata mwenda kwa miguu, mama muuza mahindi, mtoto anayetoka shule. Kwa hiyo hata kama huna gari, jifunze dalili hizi. Unaziona ukiwa umesimama kituoni:

- Mistari ya kutu inayotoka kwenye nati kwenda nje kama miale ya jua. Rimu imekuwa ikicheza.
- Chuma kinachong'aa kuzunguka nati, kama kimesuguliwa.
- Nati iliyopungua. Bolti tano nati nne, zile nne zinabeba kazi ya tano na zinachoka mapema.
- Ukiwa ndani: kugonga "ko ko ko" kunakofuata mwendo wa tairi, hasa gari likienda polepole, au mtetemeko ulioanza ghafla baada ya kubadilisha tairi.

Ukiona, mwambie dereva au konda. Usiogope kuitwa mjuaji. Dereva ukisikia mlio huo, pungua taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka barabarani, simama. Usiseme "nitafika tu mbele hapo".

Na ukikuta nati moja imelegea, usiikaze tu ukaondoka. Toa gurudumu, angalia matundu ya rimu kama yametanuka, angalia bolti na thredi. Bolti moja ikikatika, jirani zake zilishabeba mzigo usio wao, kwa hiyo nazo zibadilishwe.

MWISHO

Fundi mzuri siyo yule mwenye mkono mkubwa. Ni yule anayejua akomee wapi. Siku nyingine ukipeleka gari, usiseme "kaza kabisa". Sema "kaza kwa kipimo", halafu baada ya kilomita 50 rudi upime tena.

Maoni ruksa hapo chini. Mafundi mliobobea nisahihisheni au ongezeeni namba za magari mnayoyajua, ila mtaje na aina ya rimu. Wa malori nao karibuni, hasa mnaozijua zile nati mbili za nyuma. Matusi peleka kwingine.

Tuko pamoja.